Kubeti dhidi ya farasi anayepewa nafasi kubwa

Ndugu yangu wa Mafinga, unauliza kama kila Jumamosi ukimwacha farasi anayepewa nafasi kubwa kwenye mbio za Uingereza na kuwawekea wenzake wote, utapata faida baada ya mwaka. Kwa njia hiyo hupati.

Chukua mbio za farasi wanne: odi (namba inayozidishwa na dau lako farasi akishinda) 1.40, 5.00, 9.00 na 15.00. Gawanya 100 kwa kila odi, upate asilimia ya nafasi ya kushinda ambayo odi inampa kila farasi: 71.4, 20, 11.1 na 6.7. Jumla ni 109.2. Ile 9.2 iliyozidi 100 ni ya kampuni, na kwa kawaida sehemu kubwa hubanwa kwenye odi kubwa, kwa sababu watu huzipenda. Na huko ndiko wewe unakokwenda kununua.

Penye soko la wachezaji kubetiana wao kwa wao, unampinga moja kwa moja yule anayepewa nafasi kubwa, yaani unapokea dau la mchezaji mwingine anayemwekea ashinde. Kwa dau lake la 10,000 kwenye odi 1.40, farasi akishinda unatoa 4,000; akishindwa unabaki na 9,500 baada ya kamisheni ya asilimia 5. Ili usipate hasara, lazima ashindwe karibu mara 30 katika 100, wakati odi inasema 28.6. Kwa hiyo mpinge pale tu penye sababu: uwanja umelowa naye ni wa ardhi kavu, au masafa hajawahi kuyakimbia.

Usiongeze dau mara mbili kila unapopoteza, tafadhali. Ukianza na dau hilo la 10,000, naye akishinda mara tano mfululizo, jambo la kawaida kwa odi hiyo, 124,000 zimekwenda. Hiyo ni pesa ya mbolea.

Farasi wa kwenye skrini vibandani Mwanjelwa waache kabisa: matokeo yao hupangwa na programu, hakuna tope wala uchovu wa kuchunguza.