Seva ikinyamaza usishangilie

Wadau wa IT wa Arusha na Moshi, mambo vipi. Vijana wanaoanza kazi kwenye kampuni za utalii na mahoteli huwa wananiuliza sana eti waanze na programu gani kufuatilia seva, Zabbix, Nagios au Prometheus na Grafana yake. Mi nawaambia hilo lisubiri kwanza, zote zinapiga kazi na zote unazipata bure. Cha kujiuliza ni hiki: seva yako ikinyamaza, utajuaje kama mambo ni shwari au ndo imeshakata roho?

Wengi wetu tumezoea aleti ije kitu kikiharibika, isipokuja tunalala. Sasa cheki hii. Kuna ofisi moja huku Njiro niliitwa kuangalia seva yao ya buking, fundi wa mwanzo alishaondoka. Folda ya bekapu imejaa mafaili, kila usiku faili jipya, tarehe safi kabisa, bosi ana amani. Nikapiga ls -l nione ukubwa wa mafaili, kila faili baiti 20. Ishirini tu aisee! Paswedi ya databesi ilibadilishwa, mysqldump, ile amri ya kunakili databesi, ikawa inagoma kuingia, ila skripti ilikuwa inamimina matokeo kwenye gzip ya kubana mafaili, na gzip usipoipa kitu inakutengenezea faili tupu la baiti 20 halafu inajibu nimemaliza salama, cron inayoendesha kazi kwa ratiba nayo haina maswali. Dawa yake ni kuweka set -eo pipefail juu kabisa kwenye skripti ya bash, ili amri moja ikishindwa skripti nzima isimame, na kabla skripti haijajitangaza imemaliza ipime ukubwa wa faili, likiwa dogo kuliko kawaida igome.

Na msidhani ni shida ya ofisi ndogo. GitLab, kampuni kubwa inayotunza kazi za waandishi wa programu, mwezi wa kwanza 2017, data za databesi yao kuu zilifutwa kwa bahati mbaya, walivyokimbilia bekapu wakakuta hamna kitu, pg_dump, amri yao ya bekapu, ilikuwa toleo lisiloendana na databesi, na zile imeili za kuwaambia imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani kwa sababu ya mambo ya DMARC, ule ukaguzi wa imeili feki. Yaani kengele ilikuwepo, ila hakuna aliyeisikia.

Ndo maana kazi yoyote inayojiendesha usiku mi naiambia iripoti ikifanikiwa. Mwisho wa skripti inagusa linki moja tu kwa amri ya curl, unaweza kutumia huduma ya Healthchecks.io au ile push ya programu ya Uptime Kuma, zinazosubiri huo mguso, na isipogusa hadi muda fulani upite simu yangu inalia. Hapo angalieni saa, seva nyingi za kukodi zinatembea na UTC, sisi tupo masaa matatu mbele, ukiandika 2 kwenye cron ukidhani ni saa nane usiku bekapu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Vilevile cheti cha usalama cha tovuti, kile cha bure cha Let's Encrypt kinaishi siku 90, na tangu mwezi wa sita 2025 waliacha kutuma imeili za kukumbusha, kwa hiyo kama ulikuwa unazitegemea hizo, pima mwenyewe siku zilizobaki.

Halafu umeme. Zabbix ukiiweka kwenye raki ileile ya ofisini, umeme ukikatika na UPS, ile betri ya akiba, ikiisha, vyote vinazima pamoja na aleti haitoki, ni sawa na mlinzi uliyemfungia ndani ya stoo anayoilinda. Kodi kaseva kadogo nje ya jengo, kazi yake iwe kuchungulia tu ofisi kama ipo hewani. Na UPS iunganishwe na seva kwa waya wa USB, weka NUT, programu ya kusoma hali ya UPS, betri ikikaribia kuisha seva ijizime kistaarabu yenyewe, databesi haipendi kukatwa ghafla.

Aleti zenyewe ziwe chache jamani. Nimeona grupu za WhatsApp za IT ambazo kila mtu ameziweka mute, manake CPU ikipanda dakika moja tu meseji hiyo, sasa siku ya kweli nani atasoma? Kipimo changu ni kwamba kama inaniamsha usiku lazima kuwe na kitu cha kufanya usiku huohuo, vingine vyote vije asubuhi. Diski kwa mfano, kujua imefika asilimia 80 hainisaidii sana, nataka kujua itajaa lini, Zabbix ina timeleft na Prometheus ina predict_linear, zinakupigia hesabu. Ikisema wiki tatu nalala zangu, ikisema masaa manne naamka, hasa hii Juni hadi Oktoba wageni wanapokuwa wengi na maombi ya buking ya wazungu yanaingia sisi tumelala.

Upande wa otomatiki, Ansible, programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja, inatosha sana, anza na --check uone itabadilisha nini, kisha updeti mashine moja, ukiona inapumua vizuri ndo nyingine. Ninachokiogopa ni Restart=always ya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux. Ni tamu, huduma inakufa na kufufuka yenyewe, wateja hawajui, wewe hujui, kumbe memori inavuja na inakufa kila saa. Iwasheni, sikatai, ila hesabuni imefufuka mara ngapi, systemctl show ukiiomba NRestarts inakupa namba, itupeni kwenye dashibodi ileile ya diski na ikipanda mtu afungue logi siku hiyohiyo.