Kaa na Nukta Moja: Nilichojifunza kwa Mchoraji Raza

Kwa takriban miaka miwili nilijaribu kuchora picha zenye asili ya sanaa ya kale ya India, na zote zilikosa uhai, kwa sababu nilikuwa nikirundika mayungiyungi, tausi na wachezaji ngoma wa hekaluni katika turubai moja. Aliyenionyesha njia ni Sayed Haider Raza, aliyezaliwa mwaka 1922 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Madhya Pradesh.

Raza alihamia Ufaransa mwaka 1950, akachora nyumba na mandhari za huko, na mwaka 1956 akatunukiwa Prix de la Critique, tuzo ya wahakiki wa sanaa wa huko. Sifa hizo hazikumtosheleza. Katika miaka ya 1970 alirejea India mara kadhaa na kuyazuru mapango ya Ajanta na Ellora, yenye michoro na sanamu za kale, lakini hakurudi Paris na sura za miungu za kunakili. Alishika bindu, neno la Kisanskriti lenye maana ya nukta au tone, ambalo katika fikra za kale za India ni mbegu ambamo vyote huchipuka. Alisimulia kwamba utotoni mwalimu wake, alipoona hatulii darasani, alimchorea nukta ukutani akamwamuru aitazame. Nukta hiyo aliichora hadi uzeeni, na alifariki Delhi mwaka 2016.

Nakushauri, basi, uchague umbo moja tu na ukae nalo. Mimi nilianza na duara jeusi, kwa mkono, bila bikari. Siku ya kwanza lilionekana kama tundu kwenye karatasi; nilipofika tabaka la tatu, nyeusi ikiwa imetiwa bluu kidogo, kisha nikalizungushia nyekundu ya udongo, lilianza kusogea mbele, likawa na uzito.

Jifunze pia maana kabla ya kuchovya brashi. Katika michoro ya Kitantra, yaani ya mapokeo ya kale ya kiroho ya India, pembetatu yenye ncha chini ni nguvu ya kike, na yenye ncha juu ni ya kiume. Ukizigeuza kwa ajili ya urembo tu, anayeijua lugha hiyo atasoma usilolikusudia. Raza, ambaye alikuwa Mwislamu, aliisoma kwa heshima kubwa, na heshima hiyo inaonekana katika kila ukingo wa maduara yake.

Duara langu la kumi na moja liko mezani. Ubavu wake wa kushoto bado umelegea, na jioni hii nitaupitia tena.