Ajira mpya, mwezi wa tatu utazinduka

Walimu wa ajira mpya wakiripoti kituoni huniuliza nyumba ya kupanga, maji, na mtandao unashika upande gani wa mlima. Habari ya kuzinduka, yaani kugutuka kuwa kazi si kama ulivyoiota chuoni, hakuna anayeuliza. Siku yenyewe ikifika naijua tu: mwalimu anaanza kuja kazini bila zana za kufundishia.

Mimi ilinikuta mwezi wa tatu tangu niripoti. Wakati wa BTP, mazoezi ya kufundisha ya chuoni, nilipewa wanafunzi arobaini na kitu, mkufunzi kaketi nyuma, mimi mbele na vizibo vya soda vya kuhesabia na bango la manila nililokesha nikilichora. Nilitoka pale nikijiona nimezaliwa na chaki mkononi. Kituoni nikakabidhiwa darasa la tatu, watoto 112. Kiwango cha serikali hapa Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamefurika, na heri wamekuja, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hebu piga hesabu: nusu dakika kwa daftari ni dakika 56, na kipindi ni dakika 40. Hata nisingefundisha neno, nisingemaliza kusahihisha.

Mshahara nao ulipoingia nilidhani benki wamekosea. Makato: bodi ya mikopo ya wanafunzi 15%, pensheni 5%, bima 3%, bado kodi.

Kosa langu nilidhani nimeichukia kazi. Aliyezirai akizinduka huuliza, "Niko wapi?" Hajasema anataka kuondoka. Mimi wiki hiyohiyo, kizunguzungu hakijaisha, nikaandika barua ya uhamisho. Mwalimu mkuu akaisoma, akaitia kwenye droo. "Hii tutaiongea likizo ya Juni, mwalimu. Leo kasahihishe safu mbili tu."

Darasa langu lilikuwa na safu kumi. Safu mbili ni daftari ishirini na kidogo, robo saa haiishi, na ikifika Ijumaa kila mtoto nimeshamwona. Chuoni hakuna aliyenifundisha hivyo. Kule tulifundishwa kusahihisha wote, kila siku. Mabango ya kukesha nikaacha. Vizibo nikawaambia watoto waokote wenyewe, wakaniletea nusu gunia.

Juni ilipofika sikuidai ile barua. Wewe ukitaka kuandika yako, andika, ila ingoje likizo, uisome tena ukiwa umelala vizuri. Kuhusu makato, hapo sina dawa.