Sizigia i angani, bamvua li baharini

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mhariri. Mwanangu amekutana na neno syzygy kwenye kitabu cha elimu ya nyota, naye mwalimu wake akamwambia kwa Kiswahili ndiyo bamvua. Je, ni kweli? Na neno lenyewe limetoka wapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waalaykum salaam. Mwalimu amekaribia, lakini ametaja matokeo badala ya chanzo. Sizigia ni jua, dunia na mwezi kukaa karibu mstari mmoja. Hutokea mara mbili kila siku 29 na nusu: mwezi usipoonekana kabisa, na ukiwa mpevu. Hapo nguvu ya jua ya kuinua maji ya bahari, ambayo ni karibu nusu ya ile ya mwezi, huungana na ya mwezi. Maji yakajaa sana, yakapwa sana. Hilo ndilo bamvua.

Asili ya neno sizigia ni Kigiriki, suzugia: sun ni "pamoja", zugon ni nira, lile gogo la shingoni linalofunga ng'ombe wawili wa kulimia. Zaigoti ya biolojia, yaani yai lililoungana na mbegu ya kiume, imechipuka shina hilohilo. Wagiriki waliliingiza hata katika ushairi, miguu miwili ya shairi, yaani vifungu viwili vidogo vya silabi, ilipofungwa kuwa kipimo kimoja. Anayeujua mshororo wetu wa mizani 16, vipande viwili vya 8, ataikamata fikra hiyo upesi.

Kuyatenganisha maneno haya kuna faida, kwani bamvua huchelewa siku moja au mbili nyuma ya sizigia. Siku hizo Mombasa maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku husogea mbele dakika 50 hivi.

Wanaoshuka mwambani kuchokoa pweza wazingatie hili: maji hayapandi sawasawa. Gawa kujaa kote mafungu 12. Saa ya kwanza huleta fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3 basi huingiza mita moja na nusu katika saa mbili za katikati. Anayetazama saa ya kwanza akaona maji yameongezeka kidogo, akaendelea kuchokoa, atakuta kina kilicho kati yake na ufuo kimeshamfika kifuani. Ondoka mwambani maji yanapogeuka, kabla hujayaona yakipanda.