Urea au samadi kwa mahindi yanayogeuka njano?

Umeuliza uweke urea au samadi, mahindi yakiwa yamefika magotini na majani ya chini yakigeuka njano. Kama unjano unaanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, ni upungufu wa nitrojeni, weka urea. Ina nitrojeni asilimia 46 na hufanya kazi ndani ya siku chache, ilhali samadi huachia virutubisho polepole mno kwa hali hii. Kifuniko kimoja cha soda kwa kila mmea, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Fukia papo hapo! Ikibaki juu, nitrojeni hupotea hewani kama amonia. Ikigusa shina, huunguza. Samadi iliyooza vizuri iweke kabla ya kupanda msimu ujao, maana urea haijengi udongo.