Je, ustaarabu wetu utaporomoka karne hii?

SWALI: Katika kikundi chetu cha kusoma, mmoja anadai kwamba watafiti wa mwaka 1972 walithibitisha kwa kompyuta kuwa ustaarabu wa binadamu utaporomoka kabla ya mwaka 2100. Mwingine anajibu kuwa maonyo ya aina hiyo hayatimii kamwe, hivyo tusijisumbue. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wameichukulia kazi ile kuwa utabiri, nayo haikuwa hivyo. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, walioombwa na Klabu ya Roma, kundi la wasomi na viongozi wanaojadili mustakabali wa dunia, waliunganisha katika kompyuta mambo matano, yaani idadi ya watu, chakula, uzalishaji wa viwandani, uchafuzi na maliasili zisizojirudisha, kisha wakajaribu masharti mbalimbali. Pale mwenendo ulipoachwa uendelee kama ulivyokuwa, ukuaji ulifika kikomo na kuporomoka ndani ya karne hii. Pale watu walipojiwekea mipaka mapema, hali ilitulia.

Mwanafalaki hutaja saa ya kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, kwa sababu jua na mwezi havimsikii. Jamii ya binadamu husikia. Ni mfumo changamano, ambamo matokeo ya tendo hurudi na kulibadilisha tendo lenyewe, na onyo likishatolewa huwa sehemu ya mfumo huo.

Tazama tabaka la ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi hatari ya jua. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, zingeliharibu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni ilikuwa imepungua mno juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuachana na gesi hizo, ambao sekretarieti yake iko Nairobi. Maafa makubwa hayakutokea, na ingekuwa dhuluma kusema kwamba onyo la 1974 lilikosea, kwa maana ndilo lililoyazuia.

Hata hivyo simpi ushindi anayesema tusijisumbue, maana kinachonitia hofu ni ucheleweshaji. Gesi zile hudumu angani kwa miongo mingi, na wanasayansi wanatarajia ozoni ya Antaktika irejee hali ya mwaka 1980 karibu na mwaka 2066, ingawa dunia ilichukua hatua haraka kuliko kawaida yake. Tena watengenezaji wa gesi hizo walikuwa wachache, na mbadala ulipatikana. Hewa ukaa, gesi inayopandisha joto la dunia, inatoka katika umeme, usafiri, saruji na ukataji wa misitu, huku bahari ikifyonza sehemu kubwa mno ya joto linaloongezeka na hivyo kuchelewesha maumivu ambayo yangetuamsha.

Ningependa basi kikundi chenu kijadili, kwa kila hatari, muda unaopita kati ya kosa na dalili yake, na kama wenye uwezo wa kulirekebisha ndio wanaoumia kwanza. Anzeni na hewa ukaa, ambayo sehemu yake hubaki angani kwa maelfu ya miaka.