Muulize Fundi: Pampu inayopokea habari za jana

Barua za mwezi huu ni tatu. Ya Lushoto nimeisoma mara nne, na mke wangu ameshaniuliza kwa nini naandika hesabu za maji kwenye kalenda ya jikoni. Naanza nayo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nahudumia mradi wa maji wa kijiji huku Lushoto. Pampu iko bondeni, kijiji kiko juu, bomba lina kama kilomita tatu. Kule juu mwisho wa bomba kuna kipima presha chenye laini ya simu. Kila sekunde 10 kinatuma kipimo bondeni, na kidhibiti kinaongeza au kupunguza kasi ya pampu ili presha kule juu ibaki bar 3. Aliyetufungia alikuja asubuhi, akajaribu, mtambo ukatulia kabisa, akaondoka. Lakini kila siku kuanzia saa 12 jioni hadi kama saa 3 usiku presha inapanda mpaka bar 5, inashuka mpaka bar 1, inapanda tena. Nimehesabu, kutoka kilele hadi kilele ni dakika mbili. Bomba limeshaachia kwenye maungio mara mbili. Nikadhani kidhibiti ni kivivu, nikakiongezea nguvu maradufu. Ikawa balaa. Kamati inataka kununua pampu mpya. Tununue?
Fundi maji, Lushoto

JIBU: Marahaba. Waambie kamati waweke pesa yao. Pampu ni nzima, na inatii kila inachoambiwa. Shida ni kwamba inaambiwa habari za zamani.

Umenipa vitu viwili ambavyo wengi hawanipi, nao wana vifaa vya bei kubwa: saa ya tatizo na urefu wa wimbi. Saa 12 jioni watu wamerudi nyumbani, kila mmoja ameshika simu, na mnara wa hapo mlimani umezidiwa. Ujumbe wa kipima presha chako unakaa foleni pamoja na video za watu. Kidhibiti kinasoma "presha ni ndogo", kinaongeza kasi. Kinasoma tena "presha ni ndogo", kinaongeza tena, kwa sababu kinachosomwa bado ni hali ya nusu dakika iliyopita. Habari ya kwamba presha imetosha inapofika, pampu imeshakimbia mno. Hapo kinaanza kupunguza, na kosa lilelile linarudiwa kwa kinyume.

Sasa hizo dakika mbili. Kidhibiti cha aina yenu hulimbikiza marekebisho: maadamu kosa lipo, kinaendelea kuongeza. Kidhibiti kama hicho kikifungwa kwenye mtambo unaoitikia upesi kuliko habari inavyosafiri, kikafika ukingoni mwa kuyumba, wimbi lake huwa na urefu wa mara nne ya ucheleweshaji. Robo ya wimbi inaliwa na ule ulimbikizaji wenyewe, robo nyingine inaliwa na njia, na hapo marekebisho yanafika wakati yanasukuma badala ya kuzuia. Chukua sekunde zako 120, gawanya kwa nne. Jioni habari yako inachelewa sekunde 30.

Bomba lenyewe halichelewi hivyo. Badiliko la presha hupita kilomita tatu za bomba la chuma kwa kama sekunde 3. Kwenye plastiki ni taratibu zaidi, lakini bado ni sekunde za kuhesabu kwa vidole. Kutuma kila sekunde 10 nako kunakuongezea kama sekunde 5 kwa wastani, maana kati ya kipimo na kipimo pampu inaendeshwa kwa kilichopitwa na wakati. Jumlisha na mtandao wa asubuhi ulio mwepesi, unapata kama sekunde 10. Hizo ndizo alizozikuta aliyewafungia. Nakisia alikipa kidhibiti sekunde 20 za kufuta kosa (muda huo ukiwa mfupi kidhibiti ni kikali, ukiwa mrefu ni kipole), mara mbili ya ucheleweshaji, na kwa asubuhi ile alikuwa sahihi. Simlaumu kwa hesabu. Namlaumu kwa kuondoka kabla ya magharibi.

Kikomo ni hiki: ucheleweshaji ukifika mara 1.57 ya muda wa kufuta kosa, yaani nusu ya ile 3.14 ya duara, mtambo hautulii tena. Kwa sekunde 20, kikomo ni sekunde 31. Utasema, basi kwa sekunde 30 tuko pembeni kidogo tu, mbona tunayumba hivyo? Kwa sababu jioni kuna kitu cha pili. Watu wanachota maji kwa pamoja, pampu inazunguka karibu na mwisho wa kasi yake, na presha ya pampu hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Maana yake ni kwamba asilimia moja ya kasi ukiwa kwenye 90 inaleta presha mara moja na nusu ya inayoletwa na asilimia moja ileile ukiwa kwenye 60. Hakuna aliyegusa kidhibiti, lakini kimekuwa kikali zaidi. Zile sekunde 20 zimekuwa kama 13, na kikomo kimeshuka hadi sekunde 21. Ukali umepanda na habari imechelewa saa ileile, na vitu hivi viwili havijumlishwi, vinazidishana. Halafu wewe ukaja ukaongeza ukali maradufu. Nakuelewa. Mimi nilifanya makubwa kuliko hayo.

Nilikuwa kijana kwenye boila ya kiwanda kimoja cha sukari. Kinu kikivuta mvuke ghafla, presha ndani ya boila hushuka, mapovu yaliyomo kwenye maji yanatanuka, na kwenye kioo unaona maji yanapanda ilhali yanapungua. Nikaona yanapanda, nikakimbilia vali ya kuingizia maji, nikafunga. Haikuchukua muda kioo kikawa kitupu na boila ikajizima, kiwanda kizima kikasimama. Mzee niliyekuwa naye zamu hakunigombeza. Yeye alikuwa na tabia ya kukalia mikono yake, kihalisi, kiganja chini ya paja, mvuke ukivutwa ghafla. Nilikuwa namcheka. Baada ya siku ile nikaanza kukalia yangu.

Sasa kazi. Leo jioni, kabla ya kitu kingine, weka muda wa kufuta kosa uwe sekunde 90. Ukizigawa kwa moja na nusu kwa ajili ya ukali wa jioni, unabaki na sekunde 60, mara mbili ya zile 30. Mtandao ukizidi kuharibika, una nafasi mpaka kama sekunde 94 kabla ya kuyumba. Asubuhi utaona pampu inajivuta na wanakijiji watakuambia umeiharibu. Vumilia.

Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu. Matibabu yenyewe ni kununua geji moja ya kielektroniki na kuifunga pale bondeni, kwenye mdomo wa pampu, kwa waya. Kidhibiti cha kwanza kishike presha ya pale pale, na hicho kiwe chepesi utakavyo kwa sababu waya wa mita mbili hauna foleni. Kile kipimo cha mlimani kibaki na kazi moja: kurekebisha taratibu ni presha gani pampu iishike bondeni. Kikiona juu kuna bar 2.6, kiongeze kidogo kiwango kinachotakiwa chini, kisha kingoje. Ukipangilia hivyo, mtandao ukikatika kabisa pampu haipati wazimu. Inashika presha ya mwisho iliyoambiwa. Mimi huwa sikubali mzunguko wa haraka upite kwenye laini ya simu, hata mwenye mradi aniahidi mnara wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliandika, lakini nina hakika linakupata: ujumbe unaopotea, na ujumbe unaokwama kisha ukafika kwa mkupuo. Kila kipimo kitumwe na saa kilipopimwa. Vikifika vinne kwa pamoja, chukua kipya, vingine tupa, wala usivihesabu kimoja kimoja. Kipimo kikizidi umri wa dakika moja, ulimbikizaji usimame, kwa sababu kidhibiti kinachoendelea kulimbikiza kosa lililoganda kitakupasulia bomba mtandao utakaporudi. Dakika tano bila habari, rudi kwenye presha moja ya usalama mliyokubaliana na kamati. Na yale maungio yaliyoachia yakaguliwe yote. Bomba lililopandishwa na kushushwa presha kila dakika mbili, kwa muda wa saa tatu kila jioni, limechoka pia mahali ambapo halijavuja.

SWALI: Fundi, nasoma uhandisi wa umeme hapa Dar es Salaam, mwaka wa nne. Tumejifunza kukokotoa kidhibiti bora kabisa kwa hesabu: unaandika gharama ya kosa na gharama ya nguvu, unapata jibu moja ambalo haliwezi kupitwa. Wewe kila mwezi unatuambia tupunguze ukali na tuache nafasi. Hesabu ikishasema bora, nafasi ya nini?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Bora kwa mtambo upi, mwanangu? Hesabu yako ni bora kwa mtambo ulioandikwa kwenye karatasi. Wa Lushoto una mmoja wa asubuhi na mwingine wa jioni.

Walimu wako wamekufundisha kweli, lakini uliza ukurasa unaofuata. Ile hesabu, ikiwa unapima kila kitu ndani ya mtambo, inakupa nafasi nono bure: ukali unaweza kushuka hadi nusu au kupanda utakavyo, na unaruhusiwa kuchelewa hadi nyuzi 60 za wimbi, yaani sehemu ya sita yake, ukabaki umetulia. Lakini nani anapima kila kitu? Ukipima baadhi tu na kukisia mengine kwa kikokotozi, swali linakuja: nafasi ile bado ipo? Mwaka 1978 John Doyle, mtafiti wa vidhibiti, aliandika makala fupi kuhusu dhamana ya nafasi hiyo, na muhtasari wake wote ulikuwa sentensi moja ya maneno matatu ya Kiingereza: hakuna dhamana yoyote. Akaleta mfano mdogo, kidhibiti bora kwa vigezo vyote, ambacho kinaangushwa na kosa dogo la ukali. Makala ile na za wenzake wa wakati huo ziliwalazimisha watu wa fani waanze na swali la kwamba "nisichokijua ni kikubwa kiasi gani", ndipo wakokotoe.

George Zames, mtafiti mwingine wa fani hiyo, alikuwa ameshatoa kipimo chake cha utulivu mwaka 1966, na mimi nakipenda kwa sababu kinaingia kichwani bila karatasi. Weka upande mmoja kila unachokijua pamoja na kidhibiti chako, upande mwingine usichokijua. Kila upande uwe umetulia peke yake. Ishara ikizunguka pande zote mbili ikarudi ndogo kuliko ilivyoondoka, utulivu upo, hata kama hujui huo upande wa pili una nini ndani. Ikirudi kubwa, huna dhamana. Kipimo hiki ni cha mtu mwoga, kitakukatalia mitambo mingine iliyo salama. Mimi sina ugomvi na hilo.

Na usidhani ubora wa kifaa utakuokoa. Karne ya 19 kule Uingereza, zile gavana za mipira miwili zilizoshika kasi ya injini za mvuke zilianza kuyumba zaidi kadiri mafundi walivyozidi kuchonga vyuma vizuri, kwa sababu msuguano uliokuwa ukizituliza ulipungua. Mwanafizikia Maxwell aliandika hesabu ya kuyumba kwa gavana mwaka 1868. Ukitaka kulisikia kwa masikio, simama karibu na jenereta ambayo gavana yake imekazwa vibaya: vuum, vuum, vuum, usiku kucha.

SWALI: Fundi, mimi si mtu wa mitambo, ni mfugaji wa kuku Kibaha. Nimetengenezewa mashine ya kutotolea ya mayai 300, balbu nne na feni. Nimeambiwa joto liwe 37.5 lakini linacheza kutoka 36 hadi 39. Nimebadilisha kidhibiti joto mara mbili, cha pili ni cha bei, hali ni ileile. Vifaranga wanaototolewa ni wachache na wengine dhaifu.
Mama Kuku, Kibaha

JIBU: Mama, pole sana. Usinunue cha tatu. Fungua mashine uangalie ile sensa, kile kijiti chenye waya, imewekwa wapi. Naweka dau imebanwa kwenye kona, chini ya trei, na imezungushiwa utepe ili isianguke. Ikiwa hivyo, hewa inapata joto, mayai yanapata joto, sensa inakuja kujua baadaye. Muda huo wote balbu zinawaka. Zikizimwa, sensa inachelewa tena kujua kwamba kumepoa.

Toa utepe. Ining'inize usawa wa mayai, mahali feni inapopuliza, isiguse yai wala ukuta wala isitazamane na balbu. Kisha toa balbu mbili. Joto linalopitiliza ni muda wa kuchelewa mara kasi ya kupanda, kwa hiyo ukipunguza balbu kwa nusu, kupitiliza nako kunapungua karibu nusu. Angalia tu usiku wa baridi kama mbili zinatosha kufikisha 37.5, zikishindwa, rudisha moja.

Kuhakiki, tafuta kipimajoto cha homa cha kioo, kile cha kukung'uta. Uzuri wake ni kwamba hakishuki chenyewe, kinabaki pale joto lilipofika juu kabisa. Kikung'ute, kilaze katikati ya mayai jioni, usome asubuhi kabla hakijapata jua. Kikisoma zaidi ya 38, niandikie na unichoree feni iko upande gani.